Sauti Iliyoegemea Kushoto

Ilianza kwa kitu kidogo ambacho mtu mwingine angekipuuza: sauti ilikuwa inaegemea kushoto. Mzee mmoja, waliyemwita Breki kwa sababu aliendesha malori maisha yake yote bila kugonga hata kuku, alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha katikati akitazama sinema. Akamwambia mkewe kwamba yule jamaa midomo yake iko mbele kwenye skrini, lakini maneno yake yanatokea hapa, akagusa sikio la kushoto. Mkewe, aliyekaa kulia kwake, hakusikia ubaya wowote. Alimwambia anywe chai yake.

Chumba chenyewe zamani kilikuwa cha watoto. Watoto walipoondoka kwenda kwenye maisha yao, Breki alitoa vitanda, akapaka kuta rangi nyeusi tii, akapanga viti vitatu vya kuegemea, spika mbili mbele, moja chini ya skrini, mbili nyuma, na dude la besi pembeni lililotikisa vyombo mpaka jikoni. Mkewe alilalamika kwa mdomo tu. Moyoni alifurahi, tena sana, maana miaka nenda miaka rudi alilala peke yake mume akiwa barabarani, na sasa hatimaye alikuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Kumbe. Siku zilivyokwenda, Breki akaanza kukaa upande, kichwa kimeinama kushoto kama mtu anayenong'onezwa. Mkewe akimsemesha, hajibu. Akirudia, anainuliwa kidole: subiri. Wewe ungefikiria nini? Naye alifikiria hicho hicho. Alipekua simu, akanusa mashati, hakupata kitu. Ndipo akasema basi ni uzee, akampeleka hospitali. Daktari alipima, akapima tena, akasema masikio yote mawili ni mazima kabisa. Walirudi nyumbani, na kuanzia hapo mwanamke akaacha kumshuku mume, akaanza kukishuku chumba.

Fundi wa spika alikuja mchana. Lilikuwa jitu zima, miwani imefungwa kwa uzi, la kuongea pale tu lilipolazimika. Alichukua spika ya nyuma kushoto akaiweka kulia, ya kulia akaileta kushoto. Alieleza kwamba ugonjwa ukiwa wa spika, utahama nayo. Haukuhama. Akabadilisha waya. Haukuhama. Akaishusha sauti ya kushoto mpaka mwisho, akamkalisha Breki pale katikati, na Breki akasema sasa ndiyo inasikika vizuri zaidi, hukohuko kushoto. Fundi alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Ikabaki kukipima chumba. Maikrofoni inawekwa juu ya kiti cha katikati, mahali pa sikio la mtu, kisha kila spika inapiga mlio wake, na mashine inayoziendesha spika, iliyounganishwa na simu ya fundi, inajua yenyewe ipi iongezwe na ipi ipunguzwe. Watu wote hutoka, maana mwili wa mtu unameza sauti. Basi walitoka, mlango ukafungwa, feni ikazimwa, friji ikachomolewa, Breki akapelekwa uani na gazeti lake. Mashine ikagoma. Ujumbe ukaja kwenye simu ya fundi: kuna kelele chumbani, karibu mno na maikrofoni.

Walitega masikio mlangoni. Hapakuwa na kelele, au ndivyo walivyodhani mwanzoni, mpaka mwanamke alipoziba sikio moja kwa kiganja ndipo akaisikia pumzi, ndefu, ya taratibu, ya kitu kilichokaa kikatulia na hakina haraka ya kwenda popote. Fundi alifungua mlango kidogo, harufu ikawapiga, harufu ya kinywa kilichofungwa muda mrefu mno, na kwa mwanga uliopenya kutoka ukumbini wakaona mto wa kile kiti cha kushoto umebonyea katikati, ukipanda kidogo na kushuka kidogo, ukipanda na kushuka, sawasawa na ile pumzi waliyoisikia wakiwa nje.

"Mama," fundi alinong'ona, "nani hukaa pale?"

"Hakuna. Hakijawahi kukaliwa."

Fundi alirudisha mlango polepole. Alisema yeye anajua spika, haya mengine hayajui. Wakitoe kile kiti, wafunge chumba, wamtafute mtu anayeyaweza. Mwanamke aliogopa, lakini alikuwa na hasira pia. Miezi yote hiyo hajajibiwa salamu na mume aliyemsubiri ujana wake wote. Aliuliza kama hakuna namna ya kuilazimisha mashine imalize kazi. Fundi alikiri kwamba kitufe cha kuendelea kipo.

"Lakini itahesabu chochote kilichomo humo ni sehemu ya chumba," alisema. "Itakipangia nafasi yake."

Fundi alikataa kukibonyeza. Mwanamke alimpokonya simu akabonyeza mwenyewe. Milio ikapigwa, mmoja baada ya mwingine, na mara hii mashine haikulalamika.

Breki akaitwa. Fundi aliwasha sinema. Breki alikaa wima, shingo imenyooka, akatabasamu, akasema sasa kila kitu kiko mahali pake. Mkewe alikaa kwenye kiti chake cha kulia, machozi yakimlenga, akamshika mkono na kumuuliza kama anamsikia.

"Nakusikia vizuri sana, mama watoto," alisema Breki.

Mwanamke nusura acheke kwa furaha, ila Breki hakuishia hapo, aliendelea kujibu, ndiyo nakumbuka, hapana simfahamu, hata mimi namshangaa, macho yakiwa mbele, na fundi alikuwa ameshaisimamisha sinema na spika zote zilikuwa kimya, kisha akachomoa waya ukutani, skrini ikafa, vitaa vyote vikafa, na bado mzee aliitikia kwa kichwa gizani kama mtu anayesimuliwa jambo zito. Mkewe alimtikisa bega, akamwita kwa jina ambalo humwita wakiwa wawili tu, akasogeza mdomo kabisa sikioni mwake akamwambia mume wangu, niko hapa, ni mimi.

Breki aligeuka taratibu. Alimtazama kwa heshima, kama anavyotazamwa mgeni aliyekosea nyumba.

"Samahani, dada," alisema kwa upole. "Mke wangu anasema umekaa kwenye kiti chake."