Kidole cha Pete

Duka la vitambaa lilifurika watu Jumamosi hiyo. Dada mmoja mwenye gauni la kijani, miwani ikimteleza puani, alichomoa uzi kwenye jora na kuwasha kiberiti.

"Dada, unataka kutuchoma wote humu?" aliuliza fundi wa suti aliyesimama jirani.

"Naangalia kama ni hariri." Akanusa moshi. "Hariri hunuka kama nywele zilizoungua. Hii ni plastiki."

Muuzaji akanuna, fundi akacheka. Fundi alipopokea mzigo wake, dada aliona vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia wa fundi vimejikunja, na kovu katikati ya kiwiko na kifundo.

"Ulikatwa na nini?"

"Kioo cha dirisha, miezi miwili sasa. Jeraha limepona, ila vidole havina habari. Sindano ikinichoma, naona damu tu."

Dada alikuwa mtaalamu wa maabara hospitalini. Humo alikuwa akifuma mirija myembamba kwa hariri ya viwavi. Daktari hushona mrija mmoja katikati ya ncha mbili za neva iliyokatika, neva hutambaa ndani yake milimita moja kwa siku, na mwili huuyeyusha mrija wenyewe taratibu. Walikuwa bado wanajaribu, na hakumwahidi kitu.

Fundi alikubali kupasuliwa, akawekewa mrija. Kila Jumatatu alifumba macho, dada akamgusa kwa uzi kuanzia kifundo cha mkono, akatia alama ya wino pale hisia zilipofika. Jioni walipigiana simu.

"Bi Kiberiti, umekula?"

"Nimekula, Bwana Suti. Na wewe usinyanyue pasi kwa mkono huo."

Mwezi wa tano baada ya upasuaji, wino ulikuwa umefika katikati ya kiganja tu. Fundi akasikia koridoni kwamba kama hakuna kidole kitakachoamka karibuni, jaribio litafungwa. Jumatatu iliyofuata alifumba macho na kusubiri.

"Nasikia," alisema. "Kidole cha pete."

"Una hakika?"

"Hapo hapo, mpenzi."

"Fumbua macho."

Uzi ulikuwa bado ndani ya kisanduku.

"Nilitaka ufaulu," alisema fundi kwa sauti ndogo.

"Umenichafulia daftari zima. Hata yale uliyosema kweli, nitayajuaje sasa?"

Alimweleza daktari kila kitu siku hiyo hiyo. Vipimo vikaanza upya mikononi mwa nesi mmoja mtu mzima, na simu za jioni hazikupokelewa tena. Fundi hakukosa Jumatatu hata moja. Nesi alimuuliza, naye akajibu, "Sisikii, mama." Wiki saba, sisikii.

Asubuhi moja, akishona kola, aliruka kitini. Aliitazama sindano, akajichoma tena makusudi, kisha akapiga simu huku machozi yakimtoka. Safari hii dada akapokea.

"Imeniuma, Bi Kiberiti."

"Kidole gani?"

"Cha pete."

"Usiniambie mimi. Njoo umwambie nesi." Lakini hakukata simu.

Kesho yake nesi alipima mara ishirini, na mara sita kati ya hizo hakumgusa kabisa. Fundi hakukosea hata moja. Daktari alisoma karatasi mara mbili, akafungua mlango na kumwita dada.

"Mirija yako inaendelea," alisema. "Wagonjwa kumi wengine, kuanzia mwezi ujao."

Dada alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Nendeni mkalilie nje, wanangu," alisema nesi. "Hapa pana foleni."

Koridoni fundi alitoa uzi mfukoni. "Zamu yako. Fumba macho."

Alifumba. Uzi ukamzunguka kidole cha pete, taratibu, ukishikwa na kidole gumba na kile kilichokuwa kimekufa.

"Unafanya nini, Bwana Suti?"

"Nachukua kipimo. Kukisia nimeacha."

Dada hakufumbua macho.

"Acha nafasi kidogo," alisema. "Nataka ikae miaka mingi."