Waya Mnene kwa Mzee Bartolomeo

"Mama, mtoto wako ametoa mkia!"

Kalista aligeuka katikati ya soko la Mwanjelwa, Mbeya. Mgongoni alikuwa amebeba gramafoni ya umeme, kaifunga kwa kitenge vizuri kabisa kama mtoto mchanga, na waya wake ulikuwa ukiburuta kwenye tope. Aliyesema alisimama mlangoni mwa kibanda cha fundi redio, suruali yake ya bugaluu ikifagia kizingiti, afro imechanwa hadi ikawa na pembe.

"Mtoto anaumwa," Kalista akajibu bila kucheka. "Akiimba anakoroma. Wewe ni daktari, au kazi yako kucheka wagonjwa?"

"Daktari. Naitwa Lutengano. Mlete wodini."

Lutengano alimfungua mgonjwa, akafuta vumbi, akatoa sindano iliyokuwa imelika hadi ikawa butu, akaweka mpya bila kusema neno. Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini binti bado alikuwa amesimama pale na gauni lake la njano, na alikuwa na sauti ambayo mtu angependa imwamshe asubuhi. Lutengano akatafuta namna ya kumchelewesha. Akashusha ukutani waya mweusi, mnene kama mkia wa ng'ombe wa Usangu, akautoa ule mwembamba na kuufunga huu.

"Hii ndiyo dawa yenyewe, dada. Kwenye ule wa zamani umeme ulikuwa unapita umejibana. Huku unapita kwa raha, umeshusha mabega. Na sauti inatulia."

"Acha uongo wako."

"Sikiliza kwanza."

Sahani ya kwaya ikazunguka. Kalista akafumba macho. "Jamani! Nawasikia mpaka wanavyovuta pumzi!"

Fundi angeweza kusema hapo hapo kwamba ni sindano. Lakini sindano ni kitu kidogo kuliko punje ya mchele, na msichana alikuwa anamtazama kama mtu aliyefufua maiti. Lutengano akajikuna kichwa, akanyamaza.

Kumbe Kalista alikuwa opereta wa simu pale posta. Tangu siku ile fundi akawa mtu wa kwenda duka la jirani yake, Seni, kuazima simu.

"Namba gani tafadhali?"

"Nipe yeyote mwenye sauti kama yako."

"Huyo yuko kazini. Amefungwa waya masikioni."

"Mnene au mwembamba?"

"Lutengano! Msimamizi ananiangalia!" Lakini alikuwa anacheka.

Mapenzi yakanoga. Jumapili walitoka pamoja, yeye Kalista na viatu vyake vya raizoni vilivyomfanya amzidi fundi urefu, wakila mahindi ya kuchoma chini ya mwavuli mmoja. Na kila shoga wa Kalista alihadithiwa habari za waya. Walikuja nyumbani kwake kusikiliza, na wote walisikia tofauti, kwa sababu Kalista aliwaambia kwanza kwamba ipo, ndipo akawasha. Wengine wakaenda kibandani kutaka na wao. Lutengano aliwafungia waya huo, macho yakiwa chini.

Likizo ilipofika, Kalista akaja mbio. "Mpenzi, nataka mwingine. Wa baba."

Baba yake, Mzee Bartolomeo, aliongoza kwaya ya kanisa kule Kihesa, Iringa. Alikuwa na gramafoni kubwa ya kabati na masikio yaliyoogopwa. Mtu akiteleza nusu ya nota safu ya nyuma, mzee aligeuza shingo.

Lutengano alifunga waya kwenye gazeti pamoja na soketi mpya ya ukutani. Wakafika stendi.

"Kalista, kuhusu huo waya..."

"Nisiupinde. Umeshaniambia, laazizi."

Honi ikalia. Basi likaondoka na uongo wake, umepakatwa na mtu anayempenda.

Haikupita wiki Seni akapiga kelele kutoka dukani. "Fundi! Simu! Iringa hiyo!"

"Unanisikia?" Sauti ya Kalista ilikuwa imekauka.

"Nakusikia, mpenzi. Baba amefurahi?"

"Baba ameacha kwaya."

Lutengano akashika meza.

"Tulifunga soketi, tukafunga waya. Mimi nasikia tofauti. Mjomba Silvester anasikia, hata jirani. Baba akaomba turudie, tukarudia. Akasema yeye hasikii chochote kipya. Basi masikio yake yamekufa, na asiyesikia hawezi kufundisha watu kuimba. Leo amempelekea padre kijiti chake cha kuongozea. Lutengano, upo?"

"Nipo."

"Hakuna waya mnene zaidi?"

Swali hilo lilimpiga shoti ambayo umeme haujawahi kumpiga.

"Nakuja," alisema.

Kesho yake alikuwa barabarani. Pale Chimala kina mama walipandisha nyungo kwenye madirisha ya basi, akanunua mchele wa kumpelekea mzee, kana kwamba kosa linapikika likaliwa. Toka Igawa hadi Iringa alijaribu maneno ya kuungama, na kila alipoyapata yalimfanya aonekane mtu mwema. Akayaacha.

Mzee Bartolomeo alikuwa sebuleni, amevaa koti, mikono magotini kama mtu anayesubiri kuitwa hospitali.

"Shikamoo, baba. Kamwene," akasalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, fundi. Umekuja kupima masikio?"

"Nimekuja kupima waya, baba. Naomba wewe na Kalista mgeuke, mtazame ukuta."

Waligeuka. Lutengano akafungua mgongo wa kabati kwa bisibisi, akapiga sahani. Akazima, akachokonoa-chokonoa, akapiga tena.

"Huo! Huo wa pili ndio mnene!" Kalista akasema. "Sauti imekaa!"

"Mimi nasikia vilevile," mzee akasema kwa unyonge.

"Geukeni."

Waya mnene ulikuwa umelala sakafuni.

"Mara zote mbili nimetumia ule mwembamba wa zamani. Baba, humu ndani masikio yako peke yake ndiyo yaliyosema kweli. Waya hauongezi sauti. Soketi imesaidia mikwaruzo tu, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa imelegea. Kule Mbeya nilibadilisha sindano, nikausifu waya."

"Kwa nini?" Kalista aliuliza polepole.

"Ili uendelee kunitazama."

"Baba yangu alilia, Lutengano. Baba yangu! Ili wewe utazamwe?"

Akatoka. Mlango wa jikoni ukabamizwa.

Lutengano akafunga sindano mpya kwenye gramafoni ya mzee. Sahani ilipozunguka, mzee aliinua kichwa, akainamisha sikio.

"Huyu wa sauti ya pili anachelewa."

"Ndiyo, baba."

"Siku zote alikuwa anachelewa?"

"Siku zote, baba. Sindano ilimficha."

Mzee akazima gramafoni. "Umenikosea sana, kijana. Mchele nimepokea. Kwa binti yangu siwezi kukuombea."

Lutengano alirudi Mbeya, akautoa waya ukutani, akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia aliowafungia. Seni alicheka mpaka akakaa chini. Likizo ya Kalista ikaisha, na fundi kila alipoinua simu alijibiwa na sauti kavu ya kiserikali. Siku moja akajikaza.

"Namba gani tafadhali?"

"Sina namba. Nina maneno."

"Laini hii ni ya namba." Lakini hakukata. Kisha akasema, "Ile sindano uliniwekea bure ukanyamaza. Kwa nini?"

"Niliiona ndogo."

"Ndogo ndiyo iliyofanya kazi, mjinga wewe. Ningekupenda kwa sindano."

"Kalista, nataka kumtuma mshenga kwa baba."

"Laini inavuma. Sema tena."

"Haivumi hata kidogo."

"Najua. Sema tena."

Akasema tena. "Na baba? Kijiti amekichukua?"

"Amekichukua." Sauti yake ikashuka. "Ila siku hizi, kabla ya kuanza, anamuuliza mjomba Silvester kama nota iko sawa. Hajawahi kuuliza mtu maisha yake yote."

Lutengano akaegemea ukuta wa duka.

"Mshenga aje," Kalista akaendelea, "asije na waya wowote. Na wewe, kila ukija Iringa, utakaa mazoezini safu ya mbele. Baba akiuliza, utamwambia anasikia vizuri."

"Mpaka lini, mpenzi?"

"Mpaka aache kuuliza."