Kipimo Kilichogoma Kushuka

Kila asubuhi, kabla ya chai, mpimaji wa maabara alipanga vichupa vya damu kwa rangi za vifuniko. Leo alikuwa amefika cha saba, dirisha likagongwa. Foleni ilifurika hadi mlangoni, na mbele yake alisimama kijana mrefu, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, vifungo vya shati vimekwenda kombo.

"Dada, damu ya mzee wangu imefika? Jana kapata mshtuko wa moyo."

"Imefika. Majibu anapewa daktari." Akainamisha macho. "Na vifungo vyako, kaka, vimegombana."

"Fundi cherehani mzima! Usinitangaze basi."

Jioni fundi aliomba namba. Kesho yake walizungumza mpaka simu zikapata moto.

"Mrembo wa dirishani, umekula?"

"Wewe je, umelala?"

"Nitalala mzee akipona."

Siku ya nne mpimaji alitazama kipimo kinachoonyesha jinsi mwili unavyowaka kwa ndani baada ya moyo kuumia. Hupanda siku mbili tatu, kisha hushuka. Kikigoma, hali ya mgonjwa hutia shaka. Cha mzee kilikuwa kimepanda tena. Akarudia kupima. Vilevile. Akapeleka majibu kwa daktari.

Simu ikaita: Fundi. Kusema hakuruhusiwa, na kudanganya hakujua. Akaiacha iite. Ikaita mara sita. Kisha ukaja ujumbe: "Kama umenichoka, sema tu." Aliandika jibu, akalifuta, akaandika tena, akalifuta.

Siku ya sita fundi alitokea dirishani, macho mekundu.

"Daktari anasema kipimo kimeanza kushuka, lakini moyo umedhoofika. Tungoje. Kasema tangu juzi kilikuwa kibaya. Ulijua?"

"Nilijua."

"Mimi nikadhani una mtu wako. Hata 'pole' ilikushinda?"

"Jamani, malizaneni!" mama mmoja alifoka kwenye foleni. "Wengine tuna sukari, tutaanguka hapa!"

Watu wakacheka. Mpimaji, ambaye hata wenzake humwambia aongeze sauti, akasogea hadi kwenye kioo.

"Ningepokea, ningelia, na ungeelewa kabla daktari hajakwambia. Siku mbili nimelia chooni kwa ajili ya mzee ambaye sijawahi hata kumsalimia. Kwa sababu ni baba yako. Kwa sababu nakupenda, fundi. Umesikia? Nakupenda."