Kisanduku Kidogo cha Saa

Kila Jumamosi, baada ya salongo, kazi ya pamoja ya kufagia barabara, Binti alikwenda kwenye zahanati ndogo ya mtaa wao, ambako mama yake, Mwamini, alikuwa muuguzi. Alimsaidia kunakili saa za dawa kutoka daftari kubwa hadi kwenye kadi za wagonjwa.

Kadi hizo zilichapwa zamani, zahanati ilipokuwa ikifunguliwa asubuhi tu, saa moja hadi saa sita. Kisanduku cha saa kilitosha tarakimu moja, basi. Sasa wagonjwa walilazwa, na saa zilihesabiwa kizungu hadi ishirini na nne, lakini kadi mpya hazikupatikana popote mjini Kisangani. Mama akaweka utaratibu wake: saa isiyoenea, chora mshale kisandukuni, kisha iandike nzima nyuma ya kadi kwa kalamu nyekundu.

Siku hiyo wenzake Binti walikuwa wameanza mchezo wa nzango uani, wakirusha miguu na kupiga makofi. Chora mshale, geuza kadi, badili kalamu, Binti alichoka. Alifika kwenye kadi ya Daudi, mtoto wa miaka mitatu mwenye malaria. Daftari lilisema alichomwa kinini, dawa yake, saa 14. Binti aliandika 4, tarakimu iliyoenea, akakimbilia mchezo. Mama alifungia daftari kabatini, akachukua ufunguo, akaenda upande mwingine wa mji kutafuta dawa.

Jua lilipoanza kushuka, Mama Bibiche, mama yake Daudi, alifika na beseni lake tupu. Alishinda sokoni akiuza samaki. Aliingia kumwona mtoto, kisha akatoka uani kuteka maji.

"Tonton Eugène iko anachemsha sindano," alimwambia jirani, akimsema muuguzi wa jioni ambaye wote walimwita Tonton, yaani mjomba. "Anasema mutoto hakupata kinini tangu saa ine ya alfajiri."

Mguu wa Binti ulibaki hewani. Mchana, kwa masikio yake, alikuwa amemsikia Daudi akilia alipochomwa sindano. Mama alikuwa amemwonya mara nyingi kwamba kinini ikizidi inaweza kusimamisha moyo wa mtoto mdogo.

Aliogopa mno. Akisema, mama atampiga, na huenda mama mwenyewe akafukuzwa kazi kwa kumpa mwanawe kadi za wagonjwa. Akinyamaza, hakuna atakayejua ni nani aliyekosea. Kisha aliwaza ule mkono mwembamba wa Daudi, na miguu ikamtangulia.

Ndani, Tonton Eugène alikuwa ameshika sindano iliyojaa.

"Tonton, usimuchome," Binti alisema.

"Alors, mbona? Kadi inasema ine."

"Kadi inadanganya. Ni kumi na ine. Ni mimi niliandika vibaya, sababu nilitaka kwenda kucheza."

 Eugène aliinua mkono wa mtoto na kuona alama mbichi ya sindano. Akaiweka sindano kwenye sinia polepole.

"Bon," alisema. "Tungoje mama yako."

Kungoja huko kulikuwa kugumu kuliko kusema. Binti alikaa kando ya kitanda akihesabu pumzi za Daudi. Mama aliporudi, Eugène alimweleza yote. Mama alifungua kabati, akasoma daftari, akaketi ghafla kwenye benchi.

"Utanipiga, mama?" Binti aliuliza.

"Nilitaka," mama alijibu. "Lakini ungenyamaza, saa hii tungekuwa tunalia na Mama Bibiche. Na mimi pia nina kosa. Nilipashwa kuangalia kadi zote mbele ya kutoka."

Alimwekea mbele kadi zote na kalamu nyekundu. Walizipitia pamoja, na kwenye kadi ya saba Binti akakuta 5 mahali pa 15. Alianza kulia.

"Futa machozi, uandike," mama alisema. "Kisanduku kikiwa kidogo, usikate ukweli ili uenee. Tafuta mahali pengine uuandike wote. Na ukikosea, sema mbiyo, kama ulivyosema leo."

Binti alichora mshale, akageuza kadi.