Faili ya Pilau Yatiwa Kufuli

"Wageni mia tatu, mchele kilo kumi na tano! Kahindi, hata paka wa soko la Marikiti hawashibi!"

"Mama, si mimi niliyeharibu!"

"Na hilo jina juu ya faili ni la nani? 'Vipimo vya Mama Kahindi.' Wanawake wamepewa ukoko. Ukoko, harusini! Mtaa mzima wa Majengo wananicheka!"

Mama yangu anapika pilau za harusi, mwaka wa ishirini huu. Mimi nimemaliza kidato cha nne, nimekaa tu. Basi nikachukua vipimo vyake nikatengeneza faili ya Excel. Unaandika idadi ya wageni, hapo hapo inakwambia mchele, nyama, vitunguu, viazi. Tamu kweli! Nikampa Kombe, mpishi anayeanza kazi, aijaribu. Naye akaitupa kwa grupu la WhatsApp la wapishi. Halafu hiyo harusi aliyopikia jana, nyama ikatosha, wali ukaisha.

"Leo alasiri nampelekea Bi Nasiha, Mji wa Kale," nikasema. "Ana wapishi sita. Anataka kuinunua."

"Humpelekei mtu! Ifute!"

"Hodi! Mnauana?"

Alikuwa Mama Ashley, jirani yetu, amerudisha sufuria. Yeye kazi yake ni kompyuta, ofisi za bandarini. Akaifungua kwenye kompyuta yangu faili ya Kombe, aliyonitumia asubuhi, akacheka.

"Tazama. Kisanduku cha mchele hakina hesabu tena. Kuna kumi na tano tu, mchele wa watu mia. Kombe aliwahi kupikia watu mia?"

"Ndiyo, wiki iliyopita."

"Basi siku hiyo aliandika kumi na tano kwa mkono wake, juu ya hesabu yako. Hesabu ikafa. Jana akaandika wageni mia tatu, nyama ikapanda, mchele ukakaa pale pale."

Mama akaiinamia kompyuta. Kisha: "Kwa hiyo vipimo vyangu viko sawa?"

"Viko sawa, mama. Mlango ndio ulioachwa wazi," akasema Mama Ashley.

Akanionyesha. Kwanza hifadhi nakala yako safi, usimpe mtu. Kisha acha wazi kisanduku kimoja tu, cha idadi ya wageni. Vingine vyote vifunge, uweke neno la siri.

"Na usilisahau," akasema. "Lakini jua, hii kufuli ni ya kuzuia mkono uliokosea. Fundi mjanja ataivunja. Kwa mjanja, andika leseni."

"Leseni? Niende ofisi za kaunti?"

"Wapi! Ni makubaliano yako na mnunuzi. Humuuzii faili iwe yake, unamuuzia ruhusa ya kuitumia. Ni kama ukumbi wa harusi. Ukikodi, unacheza humo mpaka uchoke, lakini huvunji ukuta, wala humkodishi mwenzako."

Nikaruka! Vidole vikaenda mbio. Nikaandika karatasi ya kwanza ndani ya faili, kwa Kiswahili cha kawaida: nakala hii ni ya Bi Nasiha na wapishi wake sita. Wasiigawe, wasiiuze, wasiibadilishe. Ikileta shida, wanipigie simu mimi.

"Weka na mwaka, na jina la mwenye kazi," akasema Mama Ashley. "Na kila mnunuzi, nakala yenye jina lake. Ikionekana kwa grupu, utajua imetoka kwa nani."

Nikaandika: *Faili ni kazi ya Kahindi. Vipimo ni vya Nyevu.*

Mama akalisoma jina lake. Jina lake lenyewe, si Mama Kahindi. Akaninyang'anya kompyuta.

"Lete niivunje." Akabonyeza mchele. Ikakataa. Nyama, ikakataa. Akabonyeza vitunguu kwa nguvu kama anaua mende. "Inakataa! Mama Ashley, hii kitu yanikataa mimi mwenyewe!" Akaandika wageni mia tatu. Mchele kilo arubaini na tano. Akahesabu kwa vidole, midomo inacheza. "Sawa sawa. Hata gramu haikupotea."

Nikamtumia Bi Nasiha masharti kwanza, ayasome. Tukangoja. Simu ikalia, sauti yake: "Nimeyasoma yote, mwanangu, nimekubali. Njoo unionyeshe. Na huyo Nyevu, mwambie nataka kumjua."

Mama akajifunga leso upya, akajitia hakusikia.

"Nenda basi! Wasimama wangoja nini? Na Kombe umpelekee yenye kufuli, asinitie aibu tena!"

"Ndiyo, mama!"

Nikachukua kompyuta, nikatoka mbio, nikaufunga mlango.