Mpangaji wa Pale Mawimbi Yanapozimana

Nilikuwepo. Mtu asije akakwambia kwamba mimi Opicho, baba yake Nangila, nilisimuliwa tu. Niliona kwa macho haya mawili, na elimu yangu ya darasa la saba ilitosha kuelewa.

Ilianza kidogo tu. Mama Triza, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ghorofa ya tatu hapa Kayole, hushona akisikiliza redio. Siku walipomaliza kuzungushia mabati lile jengo jipya la mbele, redio ikaanza kukata. Na si chumba kizima. Ni hapo mlangoni tu. Isogeze hatua moja, inaimba.

Tukamwita Mativo, fundi wa redio.

"Wimbi moja linatoka kwenye mnara," akasema. "Jingine linagonga yale mabati, linarudi. Yakikutana, moja likipanda jingine likishuka, yanamalizana. Hapo panabaki patupu."

"Patupu, Kayole hii?" nikacheka. "Hapa chumba kikihamwa asubuhi, jioni kina mpangaji."

Mativo alikuwa ameweka sikio kwenye redio iliyonyamaza.

"Ameshaingia," akanong'ona.

Jumamosi, saa nane mchana, ukuta wangu ukagongwa.

"Baba Nangila, siwezi kutoka," akaita Mama Triza.

Mlango wake haukuwa na kufuli. Niliusukuma nikamwona akija kwangu, akafika pale patupu, redio ikanyamaza, harufu ya waya ulioungua ikajaa puani, mdomo wake ukafunguka kuniita na sauti isitoke, na kabla sijapepesa macho yuko tena kule kitandani ameukabili ukuta, anageuka, anaanza kutembea upya, mara ya tatu, mara ya kumi, na kila akirudishwa amepauka zaidi, kama kitambaa kilichofuliwa mpaka maua yakaisha.

"Usiniache, baba," akanong'ona.

Nikampigia Mativo simu, akaja mbio na sinia kubwa la bati.

"Wimbi likigonga hili litageuka. Patupu patahama."

Sinia nani alilishika? Mimi.

"Inua, mzee. Kushoto. Polepole."

Redio ikakwaruza, ikaimba mlangoni. Mama Triza akapita chini ya kwapa langu, akashuka ngazi zote bila viatu. Sasa anashonea mtaa wa Majengo, na amenenepa.

"Na pale patupu pamehamia wapi?" nikauliza.

Mativo akautazama ukuta wa chumba changu, akafunga mkoba wake.

Siku hizi redio yangu hukata hapo mlangoni. Katika ule ukimya kuna mtu anagonga ukuta kutoka upande wa pili, taratibu, na kila nikiinuka kwenda kumfungulia najikuta nimeketi tena kitandani, kalamu mkononi.

Haya yote ni kweli tupu. Ni ile sehemu ya Mama Triza kutoka tu ndiyo niliyoitunga.