Wanaume Waliobaki Nje ya Makaburi

"Shangazi, mbona wanaume wote wamebaki getini?" Zhanna aliuliza, mshumaa wa kumbukumbu ya babu wa mchumba wake, Avner, ukiwa mkononi.

"Makuhani hao, mwanangu, uzao wa Haruni. Kuhani haingii makaburini," akajibu Shangazi Mazal, dada wa baba yake Avner. "Kwani Avner hajakwambia?"

Zhanna akageuka kutazama getini. Miaka mitatu anaamka alfajiri kuoka mikate pale Haifa, jioni anasoma Torati, ili aingie Uyahudi aolewe na Avner. Na sheria aliijua vizuri: kuhani haoi mwanamke aliyeingia dini. Yaani kila alichosoma kilikuwa kinamnyima mume, na mume mwenyewe anamtazama tu! Jamani, kuna watu wana roho ngumu.

Akamfuata getini.

"Avner, wewe ni kuhani?"

"Niliogopa utaniacha."

"Sijakuuliza uliogopa nini."

"Ndiyo. Lakini twende Saiprasi tukafunge ndoa ya serikali, mpenzi, maana hapa Israeli haifungwi. Hayo masomo achana nayo."

"Rabi amenikataa mara mbili, akasema natafuta mume, simtafuti Mungu. Wewe ukanifuta machozi garini, ukanyamaza. Mtu mzima ovyo." Akamshikisha mshumaa. "Haya, kamwashie babu yako."

Avner akabaki pale pale na mshumaa wake. Hatua moja ndani hakuweza kuipiga, mbele ya baba yake na ami zake.

Usiku akatuma ujumbe: "Nisamehe. Kwa ajili yako naacha hata ukuhani."

Ukuhani unaachwa? Mtu anazaliwa nao kama pua.

Jumapili akagonga kwa rabi, mara ya tatu. Mzee akachungulia nyuma yake.

"Mchumba yuko wapi?"

"Ni kuhani. Tumeachana."

"Sasa umefuata nini?"

"Sitakudanganya, rabi, nilianza kwa ajili yake. Lakini Ijumaa nimewasha mishumaa ya Sabato peke yangu, nalia, na sikutaka kuwa mahali pengine. Kama unanifukuza, nifukuze, ila usiniambie tena natafuta mume."

Simu ikatetemeka mkononi mwake: Avner. Zhanna akaizima.

Rabi akamkaribisha ndani, akamvutia kiti. "Keti, binti. Nani alikwambia mlango huu umefungwa?"

"Wewe, rabi. Mara mbili."

Mzee akainamisha kichwa, aibu imemjaa. Kisha akachukua kalamu, akamwomba amtajie jina lake kamili, ampeleke kwenye baraza la marabi linalopokea wanaoingia dini.